Utupa Usivuke Barabara

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Mimi sikusoma sana. Masista walinifundisha herufi miaka miwili, halafu mikono yangu ikatakiwa nyumbani. Naandika kama ninavyosema, na sina desturi ya kuzunguka. Mkikuta kosa la herufi, lisahihisheni ninyi mliokaa shuleni. Mkikuta kosa la mwenendo, hilo ni langu, na ndilo nililokaa chini kuliandika.

Najua mnavyonisema. Mnasema huyu tate, bibi yenu, amezungushia shamba lake mmea wa sumu kila upande, na wajukuu wanacheza hapohapo. Juzi mmoja wenu alitaka kuufyeka apande maua ya kizungu. Nilimnyang'anya panga. Hakuuliza sababu, alinuna tu. Basi sababu ni hii.

Utupa si mti mmoja, ni ukoo. Kuna ule wa kupandwa, unaompita mtu mzima kwa urefu, majani yake laini kama sikio la ndama, maua yake meupe au ya zambarau, na maganda yenye manyoya yanayowasha shingo ukiyachuma bila kujifunga kitambaa. Kuna na wadogo zake, wanaoota wenyewe uwandani kando ya njia ya ng'ombe, wenye maua madogo mekundu yaliyopauka na mizizi ya kuvunja jembe. Wote ni ndugu, wote wana sumu, lakini si kwa kipimo kimoja. Mama yangu alikuwa akisema, "Ukoo mmoja, hasira mbalimbali." Akiyasema hayo alikuwa anavunja jani kwa kucha, ananusa, anatikisa kichwa kama mtu aliyesalimiwa na jirani.

Mama alizaliwa Katogota, kwa wakulima wa Kirundi. Baba alikuwa mvuvi wa huku kwetu karibu na Kalundu, wa ukoo uliokaa ufukweni tangu siku ambazo hakuna anayezikumbuka. Walikutana namna gani sikuambiwa, na miaka ile ya hamsini mtoto hakuuliza mambo hayo. Ninachojua ni kwamba alipoletwa kuolewa alikuja na mkeka, jembe, na fundo dogo la mbegu kwenye pembe ya kikwembe chake, kitambaa alichojifunga. Mbegu nyeusi zenye doa jeupe. Mbegu za utupa.

Kwao utupa ulikuwa mtumishi wa nyumba. Walizungushia shamba la mihogo, na fuko, yule mnyama wa chini ya ardhi anayekula mihogo kabla mwenyewe hajaiona, akageuka akaenda kwa wengine. Majani makavu yaliyosagwa walichanganya na maharagwe ya mbegu, yale ya kupanda, si ya kula, na wadudu hawakuyatoboa. Majani mabichi walitwanga, wakatia maji, wakaosha mbuzi wenye kupe. Na kule milimani, mto ukipungua wakati wa kiangazi, wanawake waliyatia majani hayo kwenye vidimbwi, na samaki wakaelea juu wamelewa, tumbo juu. Leta, serikali ya wazungu, ilikataza kazi hiyo, na askari wa chifu walikuwa wakiwavunjia watu vikapu. Lakini nilisikia kwamba wazungu walewale waliupanda utupa katikati ya kahawa yao ili udongo unenepe. Wengine waliutumia kwa mabaya ya kibinadamu. Hayo mama hakunifundisha, na mimi sitayaandika.

Kwa wavuvi wa ziwa sheria ilikuwa nyingine. Sumu inayolewesha samaki wa mtoni haikutakiwa kuukaribia mtumbwi, hata jani moja. Walisema samaki wa ziwa wanaambiana. Jani likiingia mtumbwini, mtumbwi umeuawa: utatoka na kurudi mtupu mpaka wenyewe mchoke. Na aliyeliingiza anapata jina. Vijana, jina hilo halikuwa la mchezo. Msichana akiitwa muuaji wa mtumbwi, hakuna mwanaume wa ufukweni angemwoa, na hakuna mwanamke angempa mtoto wake amshike.

Kwa hiyo mama alipoonyesha mbegu zake, mama mzaa baba, ambaye tulimwita tate, hakumkatalia. Alikuwa mkali lakini si mjinga. Alijua fuko wanavyotusumbua. Nilisimuliwa kwamba alisimama katikati ya barabara, ile inayopita kati ya nyumba zetu na mlima, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mkamwana, sikia. Upande huu wa juu ni wako, fanya kilimo chenu. Upande huu wa chini ni wa ziwa. Utupa usivuke barabara."

"Ndiyo, mama mkwe."

"Na mikono yako ioshwe huko huko juu."

Mama aliishika sheria hiyo miaka yote. Alikuwa na chungu kimoja kikuukuu cha utupa, alikificha juu shambani chini ya jiwe. Mbuzi aliwapeleka juu, akawaosha huko, akajisugua mikono kwa majivu mpaka viganja vikawa vyeupe, ndipo akashuka. Harufu ya mama kwangu ni majivu. Mpaka leo nikipita karibu na moshi wa asubuhi, meko yakizolewa, nasimama bila kukusudia.

Baba mdogo, mdogo wake baba, alipenda kumtania. Alimwona anashuka mlimani na jembe begani, akaita, "Shemeji! Maji haya hayaumi! Watu wa uwandani, ng'ombe amewafundisha kuogopa ziwa!"

"Na ninyi samaki amewafundisha nini, shemeji? Kunuka?"

Watu wote walicheka, na tate naye alicheka akiwa amegeuza uso ili asionekane. Nyumba yetu ilikuwa hivyo. Naandika ili mjue ilikuwa nyumba ya kucheka.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa na umri wa meno ya mbele kuwa yamekwisha kuota mapya. Mama alitwanga majani juu shambani, akaosha mbuzi wawili. Wa tatu, jike jeusi mwenye mimba, alimtoroka akaingia vichakani. Kabla hajamkamata, mama akaitwa: jirani ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Aliniachia kazi ya kulinda chungu, akanielekezea kidole.

"Usiguse. Na kama mtu anakuja, mwambie: utupa hautiwi katika chombo cha kula, hata kama anakufa."

"Ndiyo, mama."

Akaenda. Yule jike jeusi akarudi mwenyewe, kama mbuzi walivyo, na alipotaka kuona ndani ya chungu kuna nini akakikanyaga. Kikapasuka. Maji yote yakanywewa na udongo. Yakabaki majani yaliyotwangwa juu ya jiwe, mabichi, na mbuzi amejaa kupe masikioni kama amevaa shanga.

Nilitaka mama akirudi akute kazi imekwisha. Hilo tu. Nilitaka aseme neno lake la Kirundi alilonipa mara chache, la kumsifu mtoto mwenye akili. Nikafikiri: nahitaji chombo cha kuchanganyia maji. Sufuria ni ya kula. Kibuyu cha maji ni cha kunywa. Bakuli ni la baba. Vyote mama amekataza. Halafu nikakumbuka kuna chombo kimoja nyumbani kwetu ambacho hakuna aliyewahi kukilia wala kukinywea: kibuyu cha kukombea maji ndani ya mtumbwi.

Nicheke nini. Sheria moja niliishika kwa mikono miwili, nyingine nikaikanyaga kwa miguu miwili.

Wanaume walikuwa wamelala, maana kazi yao ni ya usiku. Nikafungua kibuyu mtumbwini, nikakipandisha juu, nikakitia maji na majani, nikaosha yule mbuzi vizuri kabisa, masikio, makwapa, chini ya mkia. Niliimba. Halafu nikashuka nikavuka barabara na kibuyu mkononi, nikakisuuza ziwani kwenye maji ya magoti, nikakifunga mahali pake.

Nilipogeuka niliona vijisamaki, vile vidogo kama kucha ya mtoto, vinavyocheza ukingoni. Vilikuwa vimelala ubavu. Kimoja, vitatu, halafu vingi, matumbo meupe yanameta juani. Ndipo nikajua nilichofanya. Nikakimbia.

Jioni mama alinusa mikono yangu kabla ya kunipa ugali. Akachukua majivu akanisugua mpaka nikalia.

"Mbuzi mweusi ameoga?"

"Ndiyo, mama. Chungu kimevunjika."

Alifikiri nimetumia kigae kilichobaki. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Neno lile la Kirundi alilisema. Nililipata nilipokuwa silistahili, na hakulirudia tena.

Asubuhi iliyofuata mtumbwi ulirudi bila ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Leo ni mzee, nimeona ziwa miaka mingi, najua ziwa lina majuma yake ya kufunga mkono, utupa uwepo usiwepo. Lakini asubuhi ya nne, baba mdogo alipokuwa anakomba maji, jani lilitoka ndani ya shingo ya kibuyu. Lilikuwa limejibandika humo. Alilibeba juu ya kasia mpaka uani kwetu, hakutaka kuligusa.

Tuliitwa wote. Tate alikaa kwenye kigoda. Jani liliwekwa chini mbele yake. Baba alisimama pembeni, ameshika kibuyu, anaizungusha kamba yake vidoleni.

"Weye mkamwana," tate akasema, "hiki kitu iko nini?"

"Ni jani la utupa."

"Lilivuka barabara namna gani?"

Mama aliinama kidogo. Aliangalia jani. Aliangalia kibuyu. Halafu akaniangalia mimi, si usoni, mikononi. Niliificha nyuma, vijana. Nilificha mikono yangu nyuma kama mwizi, na mama akaona, na akajua.

"Nauliza tena. Ni nani aliingiza utupa mtumbwini?"

"Utupa ni wangu," mama akasema. "Mimi ndiye niliyeupanda."

"Sijauliza nani aliupanda."

"Na mimi nimekwisha kujibu, mama mkwe."

Baba mdogo, yule wa mzaha, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, sema tu hapana. Neno moja tu. Hapana." Mama akanyamaza. Baba akanyamaza. Ulimi wangu ulikuwa mdomoni mwangu, mzima, hakuna aliyeukata. Nikanyamaza na mimi.

Hawakumfukuza kwa matusi. Walisema arudi kwao kwa muda, mpaka ziwa lipoe. Alifunga mkeka wake. Alipofika kwangu aliinama, akanishika viganja, akavinusa kimoja kimoja, akavifunga kama mtu anayefunga mbegu kwenye kitambaa. Halafu akapanda barabarani akashika njia ya kaskazini. Hakugeuka. Nilimtazama mpaka jembe begani mwake likawa kama mwiba, halafu halikuonekana.

Siku hiyohiyo baba mdogo aliung'oa utupa wote akauchoma. Mvua zilipokuja fuko nao walikuja. Unashika shina la muhogo, unavuta, linatoka jepesi, chini hakuna kitu, limekatwa vizuri kama kwa kisu. Tulikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila ugali wa kutosha. Nami kila jioni nilikwenda kukaa penye jiwe lile lililokuwa na chungu, natazama uwanda ulivyolala mpaka kule mto Ruzizi unakotoka. Nilijifunza kuhesabu malori ya pamba kwa vumbi lake. Nilijiambia: lile la tatu limembeba. Halikumbeba. La tano basi.

Siku moja tate alishika shina tupu la muhogo, akalitupa. "Mama yako ametuachia fuko wake!"

Hapo nikapasuka. "Tate, si mama. Ni minye. Minye nilichukua kibuyu. Nilikuwa naosha mbuzi."

Aliangalia barabara, juu na chini. Kisha akanishika mkono, akanivuta ndani ya shamba ambako mtu wa barabarani hawezi kusikia.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama tu."

"Mama yako anajua?" Akakaa chini, kwenye udongo, yeye ambaye hakukaa chini mbele ya mtoto. Akajifunika uso kwa kikwembe. Nilifikiri atanipiga, nilitamani anipige, halafu amwite mama. Alipojifunua uso alikuwa mkali kama kawaida.

"Basi sikia. Hilo neno limefia hapa. Ukilitoa, jina litakukaa mpaka kaburini, na kazi ya mama yako itakuwa ya bure. Umenisikia?"

"Nimesikia, tate."

"Sema tena."

"Nimesikia."

Mnaona? Nilisema, na kusema kwangu hakukumsaidia mtu.

Tate lakini alifanya jambo moja. Kiangazi kilichofuata alinichukua sokoni Sange, akisema anakwenda kubadilisha ndagala kwa mchele. Tulipofika aliniacha kwenye upande wa wauza mchele, akasema ana shida ya mguu, atakaa kidogo. Na mama alikuwa pale, mbele ya mkeka wake, amekonda. Tate alimtumia habari. Jinsi alivyomtumia sijui. Nilimwona akimsalimia kwa mbali, kwa kuinamisha kichwa, mama mkwe kwa mkamwana wake, jambo ambalo desturi zetu haziagizi.

Nilijitupa mapajani mwa mama. Alinuka majivu.

"Mama, rudi. Nitasema mbele ya wote."

"Utasema nini, mwanangu?"

"Kwamba ni minye."

Akanichambua nywele, akitafuta chawa ambao hawakuwepo. "Ukisema, mimi nitarudi katika nyumba ambayo wewe huwezi kukaa. Nitarudi kumpikia nani?"

"Baba."

"Baba yako anajua njia ya Katogota. Hana miguu?"

Kabla hatujaachana alifungua pembe ya kikwembe chake, akanihamishia fundo: mbegu nyeusi zenye doa jeupe. "Panda kwako, siku utakapokuwa na kwako. Kwa watu usipande." Alinisindikiza hadi mwisho wa soko, akaniacha kwenye mkono wa tate. Tulikutana hivyo mara tatu, kila kiangazi mara moja. Cha nne nilipofika, mkeka haukuwepo. Mwanamke wa jirani yake akatuambia ni homa, ilimchukua mvua zilipoanza, wamekwisha kumzika. Tate alikaa palepale mahali pa ule mkeka mpaka soko likaisha. Hatukununua mchele.

Niliolewa ufukweni, na mvuvi, mtu mwema. Jina baya halikunigusa. Mama alinilipia kwa kukosa nyumba, na mimi nimekula malipo hayo maisha yangu yote: mume, watoto, ninyi.

Baba alizeeka kwangu. Siku moja alikuwa juani anasuka kamba, mimi namenya mihogo. Tate alikwisha kufa, baba mdogo pia. Nikaona sasa hakuna wa kunipa jina. Nikamwambia yote, mbuzi, chungu, kibuyu.

Hakusimamisha mikono yake. "Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini, baba?"

"Asubuhi ileile. Kibuyu kilifungwa kwa fundo la mtoto. Mama yako hakujua kukifunga kabisa, wala hakuwahi kukaribia mtumbwi. Nilikuwa nimeishika ile kamba mkononi."

Nikamkumbuka alivyosimama pembeni uani, anaizungusha vidoleni.

"Na hukusema."

"Ningekutaja wewe? Yeye alikwisha kuchagua." Akavuta kamba, akaijaribu kwa meno. "Nilifika Sange mara moja, kwa mguu. Niliona moshi wa Katogota kwa mbali. Nilirudi. Niliona haya kumtazama."

Watu wanne, vijana. Mama alijua, mimi nilijua, tate alijua, baba alijua. Kila mmoja alilifunika neno lilelile kwa upande wake, na mwanamke akafa siku mbili za miguu kutoka kwenye mlango wake. Sikulia mbele ya baba. Nilimaliza kumenya mihogo. Kisha nikafungua sanduku, nikatoa lile fundo. Nyingi zilikuwa zimekufa kwa kukaa. Zilizoota ni saba, na huu mnaouona ni uzao wake, unazunguka shamba lote, juu ya barabara na chini ya barabara.

Jioni ya siku niliyozipanda niliita nyumba yangu yote, mume wangu akiwemo, na mtumbwi wake ukionekana pale nyuma yake. Sikupandisha sauti. Niliwaambia hivi:

"Utupa huu usiguswe na panga la mtu. Atakayeukosea aseme, na atakayejua aseme pia, siku ileile, kabla sufuria haijatoka motoni. Sasa nendeni mkanawe kwa majivu."